Shule ya Misheni, Shule ya Serikali, au Shule Yetu?

Wiki mbili zilizopita kaka yangu alinipigia simu kutoka kijijini, Songea. Baada ya salamu na habari za shamba (mvua zimechelewa, mbolea imepanda bei, yale yale ya kila mwaka) akaja kwenye hoja yake. Binti yake anaanza darasa la kwanza Januari. Hataki aende shule ya msingi ya kijiji, ile tuliyosoma mimi na yeye, akasoma mama yetu, na kabla yake akasoma bibi yetu. Anataka aende shule ya masista iliyo ng'ambo ya barabara, inayofundisha kwa Kiingereza. Ada inazidi mfuko wake, na katika familia mimi ndiye "mtu wa Dar". Mnajua maana yake.

(Kwa faida ya wasiojua: watu wa kijijini wanaamini kwamba ukiandika kwenye gazeti basi gazeti ni lako. Nimeacha kubishana nao.)

Nilimwambia kaka nipe muda nifikirie. Ajabu ni kwamba badala ya kufikiria pesa nilijikuta nafikiria shule yenyewe. Ile shule ni ya nani hasa? Tulipokuwa wadogo wazee waliita "shule ya misheni" ingawa kibao cha mlangoni kilisema Halmashauri. Sisi wanafunzi tuliita "shuleni" tu. Basi nikaanza kusoma, nikaanza kumsumbua bibi kwa simu kila jioni, na haya ndiyo niliyoyapata. Ni marefu kidogo, vumilieni.

Huwezi kuzungumzia shule yoyote ya Kikatoliki ya upande wetu bila kuanza na Peramiho, kilomita zipatazo 20 na kidogo kutoka Songea mjini kwa barabara ya Mbinga. Wamisionari Wabenediktini wa St. Ottilien walifika pwani ya nchi hii mwaka 1888 na kuanzia Pugu. Mwaka uliofuata, wakati wa vita vya Abushiri, misheni ya Pugu ilivamiwa na baadhi yao wakauawa. Hawakukata tamaa. Mwaka 1898 padre mmoja wa Tyrol, Austria, jina lake Cassian Spiss, akafika Ungoni na kuanzisha misheni ya Peramiho. Mwaka uliofuata wakafungua na Kigonsera.

Walianza na nini? Watoto. Padre aliyefika kwa Wangoni wa wakati ule alikuta jamii ya kivita yenye nkosi wake, manduna wake, na mahoka wake, yaani mizimu ya wazee. Kumgeuza mzee wa aina hiyo kwa mahubiri ilikuwa kazi ngumu. Mtoto, hasa mtoto wa mkubwa, angeweza kukaa misheni, akala misheni, akajifunza herufi, na akirudi nyumbani tayari ni mtu mwingine. Shule haikuwa zawadi pembeni ya dini. Shule ndiyo ilikuwa mlango wa dini.

Na wakubwa wa Kingoni hawakuwa wajinga, waliliona hilo. Kijana aliyekaa na padre alikuwa kijana aliyepungua kwa nkosi. Kisha ikaja dharau ya wazi: Padre Franziskus Leuthner wa Peramiho alikichoma moto kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa Gama. Fikiria mtu anaingia kwako na kuchoma moto mahali unapozungumza na marehemu babu yako, halafu kesho anakuomba umpelekee mwanao shuleni.

Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vikalipuka. Tarehe 14 Agosti Spiss, ambaye wakati huo alikuwa ameshakuwa askofu, akauawa karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili, wakiwa safarini kutoka pwani. Mwezi uliofuata Peramiho ikachomwa moto na Padre Leuthner naye akauawa. Kanisa, nyumba, shule, vyote majivu.

Hapa naomba tusimame kidogo. Kila tarehe 27 Februari pale Songea tunawakumbuka mashujaa 67 walionyongwa na Wajerumani siku hiyo mwaka 1906, Mputa akiwa mmoja wao. Nimewahi kuripoti kumbukumbu hizo. Wanafunzi huja kwenye sherehe wakiwa na sare, wanaimba, wanakariri majina. Sikumbuki kumsikia hata mzungumzaji mmoja akisema wazi kwamba miongoni mwa vitu walivyoviteketeza mashujaa hawa ilikuwamo shule. Mimi mwenyewe nilisoma mpaka chuo kikuu bila kukaa na hilo kichwani. Ukweli ni kwamba sisi tuliotoka huko tuna damu ya waliochoma na elimu ya waliochomewa. Sidhani kama inabidi tuchague upande mmoja. Lakini kujifanya hatujui, hapana.

Kabla ya kunyongwa, baadhi ya wafungwa, Mputa akiwamo, walibatizwa na Padre Johannes Häfliger wa Kigonsera. Nilipomsimulia bibi kwenye simu alikaa kimya, kisha akasema, "Mjukuu wangu, mtu anayekwenda kunyongwa anakubali lolote." Bibi ni Mkatoliki wa kila misa ya asubuhi, naomba mlizingatie hilo mnapoyapima maneno yake.

Baada ya vita ikaja njaa. Wajerumani waliteketeza mashamba na maghala makusudi. Wanahistoria wanakadiria waliokufa katika eneo zima la vita kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa kuliko kwa risasi. Katika nchi iliyovunjika namna hiyo, nkosi amenyongwa, manduna wamenyongwa, dawa imeshindwa, ndipo shule za misheni zilipoanza kujaa. Vitabu vya Kanisa huandika kwamba watu walipata imani. Vitabu vingine husema watu walitafuta pa kujishika. Nadhani vyote viwili ni kweli, ila cha pili kilitangulia.

Zilikuwa shule za namna gani? Sahau madawati. Mti, kisha kibanda cha miti na nyasi. Ubao mmoja. Mwalimu ni katekista, mwanakijiji aliyesoma kidogo misheni, analipwa senti za kuhesabika na bado analima shamba lake. Masomo ni katekisimu, kusoma, kuandika, hesabu kidogo na nyimbo. Waingereza walipokuja waliziita shule za vichakani, kwa kebehi. Lakini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipokamatwa na kuondolewa nchini, hao makatekista wa vichakani ndio waliobeba mzigo kwa kiasi kikubwa. Padre hayupo, mshahara haupo, na mtu anaendelea kugonga chuma asubuhi watoto waje.

Baba yake bibi alikuwa mmoja wao, baadaye kidogo, enzi za Waingereza. Simtaji jina kwa kuwa hakuwa mtu wa historia, alikuwa mwalimu wa kijiji. Bibi anakumbuka mambo matatu juu yake: alikuwa na baiskeli, alikuwa na fimbo, na alikuwa na kanzu moja nyeupe ambayo mama yake bibi aliifua kila Jumamosi. Vijana wengi wa rika lake walikwenda Tanga kukata mkonge, manamba, wakarudi na blanketi na kofia, au hawakurudi. Yeye alibaki na ubao wake. Bibi anasema wenzake walimcheka, maana manamba alirudi na pesa na mwalimu hakuwa na kitu.

Kilichobadili mambo ni siasa za mbali. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita Afrika Mashariki kuchunguza elimu, ikawashauri wakoloni washirikiane na misheni badala ya kila mtu kuvuta kwake. Serikali ya Tanganyika ikaanza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zitakazokubali kufuata muhtasari wake, kukaguliwa na kuajiri walimu wenye cheti. Halafu mwaka 1928 mjumbe wa Papa, Arthur Hinsley, akakutana na maaskofu Dar es Salaam. Ujumbe wake ulikuwa mzito: shirikianeni na serikali kwa nguvu zote, na ikibidi kuchagua kati ya makanisa na shule, acheni makanisa yasubiri. Soma tena sentensi hiyo. Mjumbe wa Papa ndiye aliyesema.

Kwa hiyo shule ya kijiji ikagawanyika aina mbili. Ile yenye ruzuku, mwalimu mwenye cheti, rejesta na mkaguzi. Na ile ya kichakani iliyobaki na katekisimu yake. Kijiji chetu kilitaka ya kwanza. Masharti? Jengo la kudumu. Na hapa ndipo bibi anapochangamka, kwa sababu hapa naye yumo.

Matofali yalifyatuliwa na wanakijiji. Wanaume walichimba udongo na kufyatua, wanawake wakateka maji mtoni, watoto wakabeba tofali mbichi kwenda kwenye tanuri. Bibi alikuwa mtoto. Anasema alibeba mbili mbili kichwani, na aliyeangusha alichapwa. Misheni ilileta bati, fundi wa kupiga paa, milango na mwalimu. Serikali ikaleta ruzuku ya mshahara. Nilimuuliza, "Bibi, mlilipwa?" Akacheka mpaka akakohoa.

Peramiho wenyewe walikuwa wamekua kupita kiasi. Mwaka 1931 misheni ile ikapandishwa kuwa abasia, chini ya Gallus Steiger, Mswisi. Kulikuwa na hospitali, karakana za useremala na ufundi chuma, kiwanda cha uchapaji, mafunzo ya ualimu. Kanisa lile kubwa la mawe na matofali lilijengwa kati ya 1943 na 1948, miaka ambayo dunia nzima ilikuwa inabomoana. Ukisimama mbele yake leo unaelewa kwa nini kijiji kidogo cha pembeni kilijiona sehemu ya jambo kubwa.

Bibi alisoma darasa la kwanza mpaka la nne. Enzi hizo msingi ulikuwa miaka minne, kisha mtihani, na wachache waliochujwa ndio waliokwenda shule ya kati, darasa la tano mpaka la nane. Bibi alifaulu. Anasema alifaulu, na kwa jinsi anavyojumlisha bei za maharage kichwani kabla muuzaji hajatoa simu yake, namwamini. Hakwenda. Kulikuwa na nafasi na pesa kwa mtoto mmoja, na mtoto huyo alikuwa kaka yake. Baba aliyeamua hivyo ndiye yule yule mwalimu mwenye kanzu nyeupe. Nilipomuuliza kama alimchukia, bibi alisema tu kwamba kaka yake alifika darasa la sita akaacha.

Sasa ukaja uhuru, na baada yake maswali. Shule nyingi za msingi zilikuwa za misheni. Kulikuwa na mikoa ambako mtoto wa Kiislamu ili asome ilibidi aingie katika jengo lenye msalaba mlangoni, na wazazi wengi walikataa, na walikuwa na haki ya kukataa. Matokeo yake yalionekana kwenye ofisi za serikali: nani ana elimu na nani hana. Rais Nyerere alikuwa Mkatoliki, alikuwa amefundisha St. Mary's Tabora na St. Francis Pugu, alijua shule hizo kutoka ndani. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule zilizokuwa zikipewa ruzuku mikononi mwa serikali. Seminari zikaachwa.

Kwa watu wa Songea mwaka ule una kumbukumbu nyingine pia. Palikuwa na Litowa, kijiji cha ujamaa kilichoanzishwa na vijana wenyewe, chini ya chama cha maendeleo cha Ruvuma, RDA. Shule ya Litowa iliwafundisha watoto kulima, kujadili na kujitawala, na Mwalimu aliipenda. Mengi yaliyomo katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 yalikuwa tayari yanafanyika pale. Septemba 1969 RDA ikapigwa marufuku na chama tawala. Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja serikali ilichukua shule ya padre na ikakivunja chama kilicholea shule ya wakulima. Nawaachia wanasiasa walieleze hilo. Mimi naona kwamba pande zote mbili kosa lilikuwa moja: kuwa na kitu ambacho hakikutoka ofisini.

Kijijini kwetu kutaifishwa hakukuwa na kelele. Bibi anasema hakukumbuki kama tukio. Mwalimu alikuwa yule yule, chuma cha kengele kile kile (rimu ya lori, bado ipo). Kilichobadilika ni kwamba bati lilipotoboka hakuna aliyejua wa kumwambia. Zamani walimwambia padre. Sasa padre akasema shule si yake, na ofisi ya elimu ikasema fungu halijafika.

Halafu UPE. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Nchi nzima wanafunzi wa msingi walipanda kutoka milioni 1.2 hivi mwaka 1974 hadi karibu milioni 3 mwaka 1978. Mama yangu ni mtoto wa wimbi hilo. Walimu wakatafutwa haraka, wengi vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa mafunzo wakiwa kazini. Tumezoea kuwacheka "walimu wa UPE". Mama hacheki. Mwaka ule darasani waliingia wasichana wengi ambao kwa hesabu ya zamani, ile ya nafasi moja kwa mtoto mmoja, wangebaki nyumbani. Mama alimaliza darasa la saba. Mama yake aliishia la nne. Ukitaka kuipima UPE kwa ubora wa Kiingereza, haya. Mimi naipima kwa watu hao wawili.

Miaka ya 1980 ikaja na ukata, ada zikarudi, watoto wakapungua, choo kikaanguka hakikujengwa. Februari 1992 serikali na makanisa wakatia saini makubaliano juu ya huduma za elimu na afya, na mashirika ya dini yakapata nguvu mpya ya kufungua shule. Ila hawakurudi kwenye shule ya zamani. Walijenga mpya, za ada, nyingi za Kiingereza. Masista, mapadre, wachungaji, wote.

Mimi niliingia darasa la kwanza baada ya MMEM, mpango uliofuta ada tangu 2002 na kujaza shule tena: milioni 4.4 mwaka 2000, zaidi ya milioni 6.5 mwaka 2003. Nilikaa sakafuni mwaka mzima wa kwanza. Tulikuwa wengi kiasi kwamba mwalimu alitutambua kwa safu. Lakini nyuma ya lile jengo la matofali ya bibi kulikuwa na madarasa mawili mapya ya fedha za MMEM, na nyuma yake baadaye yakaongezwa mengine. Kwa hiyo ukiiangalia shule ile kutoka barabarani unaiona historia yote kwa macho: jengo la kale lenye kuta nene, kisha ya katikati yaliyochakaa zaidi kuliko la kale, kisha mapya yenye bati la rangi. Na ng'ambo ya barabara, shule ya masista, yenye ukuta na basi.

Kaka yangu anasema hoja yangu ni ya kishairi. "Mdogo wangu, wewe uko Dar, unaandika. Mimi mtoto wangu yuko hapa." Anasema darasa la kwanza mwaka huu lina watoto zaidi ya 100 na mwalimu mmoja. Anasema mwenyekiti wa kijiji, anayesimama kwenye mikutano kuhimiza watu wachangie madawati, wajukuu zake wanapanda lile basi. Nikamwambia ndiyo tatizo lenyewe: mwenye sauti akivuka barabara, nani atauliza habari za choo? Akanijibu kwamba atavuka barabara kwanza, kisha atauliza akiwa ng'ambo.

Sina jibu la kumshinda. Katekista mwenye ubao, wanakijiji wenye matofali, mama na UPE yake, wote waliamini wanajenga shule moja kwa watoto wote wa pale. Mpwa wangu ana miaka sita, na miaka ya msingi haisubiri sisi tumalize mjadala.

Pesa ya muhula wa kwanza nimeshatuma, juzi, kwa simu. Bibi anadhani mtoto anaanza kule kule kwake, na jana aliniambia ameshamwonyesha ukuta aliousaidia kujenga. Bado sijamwambia.